Jumapili Tuliyofungua Kanisa

Kanisa letu la Lokpodzi lilifungwa katikati ya mwezi wa tatu, mwaka ule wa korona, na ufunguo ukabaki kwangu kwa kuwa mimi ndiye katibu wa baraza la wazee. Kila Ijumaa niliingia kufagia mavi ya popo. Shule nayo ilikuwa imefungwa, kwa hiyo mwalimu mzima nilikuwa sina wa kumfundisha wala wa kumsomea matangazo. Nilikuwa nikimaliza kufagia nakaa benchi la mbele, naimba kidogo, sauti inanirudia kutoka ukutani, nanyamaza nimejionea aibu.

Mwezi wa sita serikali ikatangaza kwamba makanisa yanaweza kufunguliwa. Watu wasizidi mia, ibada isizidi saa moja, barakoa usoni, na kila mtu awe mbali na mwenzake mita nzima. Tukaitana barazani kwa Mchungaji Klutse. Alikuwa kijana bado, amehamishiwa kwetu mwezi wa kwanza, na kabla hajajua majina yetu tukafungiwa. Nadhani alitamani kufungua kuliko sisi sote.

"Mia si haba," alisema. "Tunao watu karibu mia nne. Tukifanya ibada nne, kila mtu anasali."

"Mchungaji, hiyo mia ni ya serikali," Daavi Esinam akamkata. "Serikali haijawahi kukaa kwenye mabenchi yetu. Mimi nimelipima kanisa, benchi kwa benchi, kwa futi ya kaka yangu. Wanaingia sitini. Wa sitini na moja atapakatwa."

Daavi maana yake dada, na ndivyo tulivyomwita wote, hata waliomzidi umri. Alikuwa mkunga miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu. Nusu ya waumini wetu aliwapokea kwa mikono yake, na nusu nyingine aliwagombeza kwa kuchelewa kliniki. Tangu mwanzo yeye hakutaka tufungue. Alipoona tutafungua tu, akasema basi atasimamia mlango yeye mwenyewe, asije akasimama mtu mwenye huruma.

"Na kuimba?" akauliza kaka yake, Efo Senanu, aliyekuwa kiongozi wa kwaya. Efo nayo ni kaka.

Daavi Esinam alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake.

"Kuimba ndiko kunakonitisha kuliko vyote, Efo. Mtu akiimba, kila kilichomo kifuani kinatoka."

"Ndiyo maana watu wanaimba."

"Najua."

"Basi sema tusiimbe. Sema wazi, nisikie."

"Sijasema tusiimbe. Nimesema naogopa."

Tuliafikiana waimbe watu wanane tu badala ya arobaini, wasimame karibu na mlango wa pembeni unaotazama uwanja, barakoa wasivue, na waimbe wimbo mmoja. Sisi wengine tufuatishe midomo imefumbwa ndani ya barakoa zetu. Efo Senanu alikubali, lakini alikubali kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Ili muelewe, lazima niseme habari ya Dzatugbe.

Dzatugbe alikuwa mke wa Senanu, sauti ya kwanza katika kwaya kwa miaka ishirini na saba. Alianguka jikoni Jumanne baada ya Pasaka, kwa shinikizo la damu, wala si kwa korona, akafa kabla gari halijapatikana. Kwetu mtu kama yule angekaa mochwari mwezi mzima watu wakijiandaa, kisha angezikwa na mji wote, matarumbeta na ngoma, na kwaya ingeimba tangu jioni ya mkesha mpaka anaingia kaburini. Lakini wakati ule walioruhusiwa kuzika walikuwa watu ishirini na tano. Aliyehesabu watu ishirini na tano alikuwa Esinam, wifi yake, kwa sababu ndiye aliyeijua sheria na ndiye aliyeweza kuisema bila kulia mbele za watu.

Kwaya ilikuja hata hivyo. Watu thelathini na mmoja, wamevaa sare zao nyeupe, wakasimama kwenye lango la makaburi. Daavi Esinam akawaendea. Sikusikia alichowaambia. Niliona tu wakigeuka, mmoja mmoja, na Senanu naye aliona kutoka pale kaburini. Mkewe akashushwa kimya. Palisikika udongo tu.

Tangu siku ile Senanu alikuwa akizungumza na dada yake, wakila pamoja Jumapili, lakini jambo lile hawakulitaja. Akajifungia na cherehani yake. Alikuwa fundi nguo, na tulipoamua kufungua alishona barakoa mia tatu na themanini bila kuomba hata uzi, kutokana na mabaki ya kitambaa cha jubilei ya kanisa, kile cha buluu chenye misalaba ya njano. Katika majuma yale pia alitunga wimbo. Aliniimbia siku moja nilipokwenda kuchukua barakoa, akipiga mdundo kwa mguu kwenye pedali ya cherehani. Ulikuwa wimbo wa Dzatugbe. Nilimwambia ni mzuri. Akasema, "Haujaisha mpaka uimbwe."

Wimbo mmoja wa ibada ya kwanza ungekuwa huo.

Kazi iliyotutoa jasho ilikuwa kugawa watu. Mchungaji alitaka tugawe kwa mitaa, tukaona mtaa wa sokoni peke yake unajaza kanisa mara mbili. Ndipo mke wangu aliposema kwa nini tusigawe kwa siku za kuzaliwa. Kwetu kila mtu ana jina la siku aliyozaliwa, na makundi ya siku hushindana katika sadaka ya mavuno, kwa hiyo daftari lilikuwapo tayari. Siku saba, ibada saba, tatu Jumamosi na nne Jumapili. Kila kundi lilikuwa na watu hamsini na kitu. Tukaona Mungu mwenyewe ametugawia.

Tulijidanganya. Waliozaliwa Jumapili walitaka ibada ya kwanza kabisa kwa sababu siku ni yao. Wa Ijumaa wakasema hawawezi kusali Jumamosi kama Wasabato. Wanandoa ndio walikuwa wagumu zaidi.

"Mwalimu Dotse, mimi ni wa Alhamisi, mume wangu wa Jumatatu," mama mmoja alinijia juu. "Nitajuaje kama amekwenda kanisani kweli?"

"Jina lake litaandikwa mlangoni, mama. Njoo usome."

"Nitakuja kusoma. Usidhani natania."

Bibi Abla, mwenye miaka themanini na miwili, alikuja kwangu akitaka kuhamishwa kutoka kundi la Jumanne kwenda la Jumapili, ili aingie ibada ya kwanza.

"Lakini bibi, wewe ni Abla. Jina lenyewe ni la Jumanne."

"Mama yangu alikosea siku."

"Miaka themanini yote hakugundua?"

"Aligundua, akaona aibu kusema. Andika Jumapili." Nikaandika Jumapili. Daavi Esinam alipoona akasema basi bibi atakaa dirishani, na mtu yeyote asimsogelee.

Tukafungua Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na jua likatoka kali. Mabenchi tuliyapiga chaki, alama moja kwa kila mtu. Uani tuliweka ndoo tatu zenye mabomba, sabuni, na kamba ya kuonyesha foleni. Mimi nilikaa kwenye meza ya majina, nikiandika jina, simu na mtaa. Daavi Esinam alisimama kwenye ngazi, gauni jeupe, barakoa ya buluu, kipima joto mkononi, kile kinachoelekezwa kwenye paji la uso kama bastola.

Watu walikuja mapema kuliko nilivyowahi kuona. Wanaume waliokuwa wakiingia wakati wa mahubiri walikuwapo kabla ya kengele. Nilimwona mtu akilia kwa kuuona mlango tu. Wengine walisahau wakataka kukumbatiana, Daavi Esinam akapaza sauti kutoka ngazini, "Mikono! Mikono yako iko wapi?" wakaachana wakicheka.

Efo Senanu alikuja na waimbaji wake saba. Alikuwa amevaa suti nyeusi ya msiba, karatasi za nota zimeviringishwa mkononi. Alinawa, akanijia, nikaandika jina lake, nikaona amekaza koti kifuani kama mwenye baridi. Nikafikiri ni hofu ya wimbo.

Akapanda ngazi. Daavi Esinam akaelekeza kile kifaa. Akakitazama. Akapima tena.

"Efo, umekujaje?"

"Kwa miguu. Nimekuja kwa jua."

"Kaa pale kivulini kidogo. Hiki kifaa kinadanganywa na jua."

"Kinasema ngapi?"

"Kaa kwanza."

Alikaa kwenye benchi tulilolitoa nje, chini ya ukingo wa paa. Foleni ikaendelea. Wale saba wakasimama bila kujua waingie au wangoje. Baada ya dakika kumi na tano akapimwa tena. Kisha Daavi Esinam akafungua mkoba wake, akatoa kipima joto cha kioo, cha kwapani, kile alichokitumia miaka yote ya kazi, akampa kaka yake akibane, akakaa kando yake akitazama saa. Watu wote kwenye foleni walikuwa wakiangalia. Ndani Mchungaji alikuwa ameshaanza kukohoa kwa wasiwasi, maana ibada ilikuwa ya saa moja tu na dakika zilikuwa zikienda.

Alikitoa, akakisoma dhidi ya mwanga.

"Thelathini na nane na mbili," alisema taratibu, lakini sote tulisikia.

"Ni uchovu. Sijalala."

"Mwili unauma?"

"Esinam, mwili wangu unauma tangu mwezi wa nne."

"Huwezi kuingia, Efo."

Senanu hakusimama. Alizungumza akiwa ameketi, bila kupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Nitasimama nje. Kwenye mlango wa pembeni. Nitaongoza kutoka nje."

"Wale saba watakuwa mita ngapi kutoka kwako? Na wao wana wazee nyumbani."

"Barakoa walizovaa hao wote humo ndani nimeshona mimi."

"Najua."

"Siku ya kumzika ulirudisha kwaya. Leo unanirudisha mimi. Umebakiza nini? Nikifa utakuja kuhesabu tena?"

Nilimwona Daavi Esinam akikunja vidole juu ya kile kioo mpaka nikadhani atakivunja.

"Nitakuja, Efo," alisema. "Sasa nenda nyumbani ukalale. Nikitoka hapa nitakuja tuende hospitali."

Akainuka. Alitazama karatasi zake za nota, akamtazama mmoja wa waimbaji kama anayetaka kumpa, akabadili nia, akaziweka ndani ya koti. Akapita katikati ya foleni, na foleni yenyewe, ile iliyokuwa ikigombezwa isibanane, ikajitenga mbali naye kila upande. Hilo nadhani ndilo lililomuumiza zaidi.

Ibada ilikuwa fupi na ngeni. Mchungaji alihubiri vizuri, lakini sisi tulikuwa tukisikiliza mlango. Waimbaji saba waliimba wimbo wa siku zote, bila kiongozi, na sauti ya pili ikapotea katikati. Bibi Abla, kule dirishani, ndiye pekee aliyeonekana kushiba. Tulitoka safu kwa safu, na wakati huo maneno yalikuwa yameshafika sokoni.

Mchana ule Daavi Esinam alimpeleka kaka yake hospitali ya wilaya. Walimtoboa kidole, wakaona malaria. Wakamchukua pia majimaji ya puani, wakasema majibu yatakuja baada ya siku chache.

Malaria! Kufika Jumatatu mji mzima ulikuwa ukicheka. Kwetu malaria ni kama mafua, nani hana? Nilipokwenda kununua mikate ya abolo, muuzaji aliniuliza kama sasa tunapima na minyoo. Wengine hawakucheka. Waimbaji wawili walisema hawarudi mpaka "yule mkunga" atoke mlangoni. Jumamosi iliyofuata mzee mmoja alikataa kupimwa, akasema Mungu hapimi watu joto, akageuka akaondoka, na wengine wanne wakamfuata. Kundi la Jumatano lilikuja watu kumi na tisa.

Majibu ya ile sampuli ya pua tulingoja. Daavi Esinam alipiga simu kila asubuhi. Juma moja, mawili. Mara maabara imezidiwa, mara jina limeandikwa vibaya, mara piga kesho. Hayakuja. Mpaka leo ninapoandika haya hatujui. Senanu alikunywa dawa za malaria, homa ikamtoka siku ya nne, kikohozi kikabaki majuma matatu. Inawezekana ilikuwa malaria tupu. Inawezekana yalikuwa mawili kwa pamoja. Yeye aliamini moja, na dada yake hakuweza kuapa lingine.

Hawakusemezana. Daavi Esinam alikuwa akimpikia ugali wa akple na mchuzi wa bamia, anaacha bakuli kwenye ngazi ya nyumba yake, anagonga, anaondoka. Alasiri bakuli lilikuwa limeoshwa na kurudishwa juu ya ukuta wa ua wa dada. Hivyo tu, kwa majuma matano.

Siku moja alikuja barazani kwa Mchungaji, nami nilikuwapo, akaweka kipima joto mezani.

"Tafuteni mtu mwingine."

Mchungaji Klutse akamsihi aketi. Hakuketi.

"Miaka thelathini na minne nimewaambia wanawake 'sukuma'," alisema. "Mtu anakuja analia, na mimi namwambia njoo, ingia, sukuma. Sasa kazi yangu imekuwa kuwaambia watu rudi. Nimemrudisha kaka yangu mara mbili. Na jambo baya ni kwamba akija kesho na joto lile, nitamrudisha ya tatu. Kwa hiyo msinibakishe pale."

"Ungeweza kumwacha asimame nje," Mchungaji akasema kwa upole. "Mlango wa pembeni. Nimewaza sana."

"Na mimi nimewaza. Ningeweza. Ningemweka mbali zaidi, hata kule kwenye lango, angenyoosha tu mikono wamwone. Lakini wakati ule niliona namba peke yake. Niliogopa nikimwachia yeye, watasema ni kwa sababu ni kaka yangu." Akakisogeza kile kifaa mbali. "Na pale makaburini vilevile. Pale ni nje, hewa tupu, upepo. Kwaya ingeweza kusimama barabarani. Sheria ilisema ishirini na tano, mimi nikasoma ishirini na tano, sikusoma zaidi."

Akageuka kutazama nje, akauliza, si mimi wala Mchungaji hasa, "Makaburi yetu yana ukubwa gani?"

Kesho yake asubuhi nilimkuta huko, na futi na mfuko wa chokaa. Nikamsaidia. Tulipima hatua mbili na nusu kutoka alama hadi alama, tukipita katikati ya makaburi, tukikwepa misalaba, tukiomba radhi kwa wenyewe. Alikuwa akitaja jina kila tulipopita. Huyu alizaa mapacha. Huyu alikuwa mbishi. Tulipata alama arobaini na mbili, zote zikitazama kaburi la Dzatugbe, bila mtu kuwa katika njia ya upepo wa mwenzake zaidi ya ilivyolazimu. Wakati ule sheria ya maziko ilikuwa imelegezwa kufikia watu mia, na ibada ya kumbukumbu haikukatazwa. Alikuwa amesoma tangazo lote safari hii, mpaka mstari wa mwisho.

"Sasa nenda kwa kaka yangu," akaniambia.

"Kwa nini usiende wewe?"

"Nikienda mimi atanioshea bakuli tu."

Nilikwenda. Senanu alikuwa akishona sare ya shule ambayo hakuna aliyejua itavaliwa lini. Nikamweleza yote, chokaa, alama, watu arobaini. Alishona mshono mzima mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

"Barakoa?"

"Zitavaliwa."

"Barakoa zinaua sauti ya kwanza."

"Daavi anasema mkiwa mbali namna ile mtakaza sauti tu."

"Anasema hivyo? Anajua nini huyu habari ya kuimba?" Akakata uzi kwa meno. "Na atanipima?"

"Atampima kila mtu."

"Akinikuta na joto?"

Hilo sikuwa nimetumwa. Nikamwambia nilivyofikiri. "Atakurudisha."

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kicheko kifupi kama chafya. "Huyo ndiye Esinam. Mwambie Jumamosi. Mwambie saa moja asubuhi, kabla ya jua, hicho kifaa chake kisipate kisingizio."

Jumamosi ile walikuja thelathini na nane. Wale wawili waliosusa walikuja pia, mmoja akiwa bado amenuna. Daavi Esinam alimpima kila mmoja langoni, kwa kile kifaa nilichomletea kutoka kwa Mchungaji. Senanu alikuja wa mwisho, kwa suti ileile nyeusi. Dada yake alinyoosha mkono, akapima, akasoma, akageuza kile kifaa amwonyeshe mwenyewe. Thelathini na sita na nne. Hawakusema neno. Akapita.

Walichukua muda kuzoea. Kutoka alama ya mwisho mtu alikuwa hamsikii wa mwanzo. Senanu alisimama juu ya jiwe la ukingo wa kaburi la jirani ili wamwone wote, akainua mikono, wakaanza vibaya, akawasimamisha. Wakaanza tena, vibaya kidogo. Akavua saa yake akaweka mfukoni, akapiga mdundo kwa mguu kama alivyofanya kwenye cherehani, na mara ya tatu wakamfuata.

Sitajaribu kueleza wimbo. Nitasema tu kwamba kwa kuwa walikuwa wametawanyika hivyo, haukutoka mahali pamoja. Uliinuka kutoka sehemu zote za makaburi kwa wakati mmoja, na watu waliokuwa wakienda mashambani walisimama barabarani, wakatua majembe, wakasikiliza mpaka mwisho. Daavi Esinam hakuingia. Alibaki langoni na ndoo yake ya maji. Nilipogeuka kumtazama alikuwa amewapa mgongo, ameshika nguzo ya lango kwa mikono miwili.

Baadaye watu walipoondoka, safu kwa safu, Senanu alikuja langoni kunawa. Dada yake akamfungulia bomba.

"Sauti ya pili ilichelewa," alisema Senanu akisugua sabuni.

"Niliisikia."

"Ulisikia? Wewe?"

"Nimekusikia ukigombana na sauti ya pili tangu nina miaka kumi na miwili, Efo. Najua ikichelewa."

Alinawa mpaka viwiko, polepole, kama anayeingia chumba cha kuzalishia. Kisha akasema, bila kumtazama, "Siku ile foleni ilinikimbia."

"Niliona."

"Ungesema kitu."

"Ningesema. Nisamehe."

Hakusema amemsamehe. Alisema bamia ya Jumanne ilikuwa na chumvi nyingi, na kwamba amechoka kula peke yake. Wakatoka pamoja, yeye mbele, Esinam nyuma hatua mbili hivi. Sijui kama ni kwa sheria au ndivyo walivyozoea tangu utoto.

Kipima joto, alichoniachia tena pale makaburini, nilimrudishia Jumapili, akakipokea akapanda ngazi ya kanisa. Mambo hayakunyooka yote. Mzee yule aliyesema Mungu hapimi watu joto hajarudi kwetu, anasali kanisa jingine. Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata watu watatu wa kundi la Jumatatu waliugua, tukafunga majuma matatu, tukafungua tena. Daftari la majina lilitusaidia kujua nani alikaa karibu na nani, na hakuna aliyekufa kati ya hao. Ila tulibadili jambo moja. Kila aliyezuiwa mlangoni huwekewa kiti uani, mbali, mahali anapoweza kusikia, mpaka ibada iishe na mtu ampeleke hospitali. Hakuna anayerudishwa peke yake. Daavi Esinam ndiye aliyeandika kanuni hiyo, nami nikaipiga chapa.

Juzi nilikwenda kwa Senanu kupunguziwa suruali. Nikamuuliza kama mambo yake na dada yake yamekwisha.

"Bado kidogo," alisema, huku akiwa ameweka pini mdomoni. Mezani kulikuwa na gauni jeupe, lile la pale mlangoni, pindo lake limetandazwa likingoja kushonwa. "Vua suruali, Mwalimu. Na usimwambie nimekwambia hivyo."